Barua ya wazi kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Masafa mafupi ya Kiswahili yawe yetu

Kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha;
Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, Zanzibar;
na Wakurugenzi Wakuu wa mashirika ya utangazaji ya umma katika nchi wanachama.

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi redio wa Ujiji, mkoani Kigoma. Maisha yangu ya kazi yamepita kwenye meza yenye pasi ya lehemu, redio zilizofunguliwa migongo na sauti za watu wa mbali. Nawaandikia nyinyi, siwaandikii London wala Washington, kwa sababu ninaloliomba liko ndani ya uwezo wenu. Naomba ukanda huu uwe na idhaa yake ya Kiswahili kwenye masafa mafupi, inayomfikia msikilizaji aliye mbali na mnara wa FM na asiye na bando. Na redio ya kuipokelea idhaa hiyo ipatikane dukani kwa bei ambayo mkulima na mvuvi wanaimudu.

Machi 2025 wateja walianza kuniletea redio zisizo na ubovu. Betri mpya, spika safi, antena imenyooka, lakini mwenyewe anasema imekufa, kwa sababu pale alipozoea kuipata Sauti ya Amerika jioni hapakuwa na kitu ila mvumo. Redio ilikuwa nzima. Machi 14 Rais wa Marekani alikuwa ametia saini amri ya kulipunguza, kadiri sheria inavyoruhusu, shirika linaloisimamia Sauti ya Amerika. Kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 waliambiwa wakae nyumbani, na Idhaa ya Kiswahili, iliyokuwa hewani tangu 1962, ikakatika pamoja na nyingine. Niliwaeleza wateja hivyo. Baadhi hawakuniamini, wakazipeleka redio zao kwa fundi mwingine.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Januari 2011 BBC, baada ya ruzuku ya idhaa zake za dunia kukatwa kwa asilimia 16, ilitangaza kwamba Kiswahili ni miongoni mwa lugha zitakazoondolewa kwenye masafa mafupi, pamoja na idhaa ya Maziwa Makuu iliyowahudumia watu wa Rwanda na Burundi. Mwaka 2014 mtambo wake wa Ushelisheli, uliokuwa ukirusha matangazo kuja Afrika Mashariki tangu 1988, ulizimwa. Machi 2015 Deutsche Welle ilifunga kituo chake cha Kigali kilichokuwepo tangu 1965, chenye mitambo minne ya kilowati 250 kila mmoja. Mitambo ya nguvu kiasi hicho ilikuwa Kigali, katikati yetu kabisa, na sisi tulikaa kimya siku ilipozimwa kana kwamba ni mali isiyotuhusu.

Na kweli haikuwa mali yetu. Kwa zaidi ya nusu karne tumeota moto wa jirani. Jirani ameamua kuuzima, na kuni ni zake. Siwalaumu BBC, wala Wajerumani, wala Wamarekani. Walituhabarisha wakati ambao wengi wetu hatukuwa na njia nyingine, na walitupa watangazaji ambao majina yao yanajulikana mpaka kwenye mitumbwi. Lakini London haikuvunja ahadi yoyote kwa mvuvi wa Kibirizi, hapa Kigoma, kwa sababu haikumwahidi chochote. Bajeti ilipobana, yeye hakuwa na bunge la kumsemea kule.

Nyinyi mmeahidi. Kifungu cha 137 cha Mkataba wa kuanzisha Jumuiya kinasema Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wa Jumuiya. Julai 2022 wakuu wa nchi, wakiwa Arusha, walikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mkaweka Kamisheni nzima ya Kiswahili Zanzibar. Kila Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa ngoma na makongamano. Yote hayo ni mazuri, na mimi nayafurahia. Ila lugha ya mawasiliano bila chombo cha kuwafikishia watu mawasiliano yenyewe inabaki kuwa lugha ya makongamano.

Najua swali litakalofuata: katika zama za simu, masafa mafupi ya nini?

Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na yakikutana na mlima safari yao imeishia hapo. Mnara wa kawaida hutoa huduma nzuri kwa kilomita 50 au 70. Ukiwa juu ya kilele kirefu, zaidi kidogo. Sasa shukeni na boti kutoka Kigoma kwenda kusini, mpite milima ya Mahale, mwone stesheni zinavyopotea moja baada ya nyingine, na baa za simu zinavyopungua mpaka inabaki alama ya kutokuwepo mtandao. Hali ni hiyo hiyo kwa mvuvi wa bahari kuu nje ya Mafia na kwa mfugaji wa Turkana. Ni hiyo hiyo kwa vijiji vya ndani vya Kivu Kusini, ambako barabara yenyewe huonekana kiangazi tu.

Masafa mafupi hayatafuti njia ya kupita mlimani. Yanapanda. Juu, kilomita 200 au 300 kutoka ardhini, kuna tabaka la hewa iliyochajiwa na mionzi ya jua, na tabaka hilo huyapinda mawimbi hayo na kuyarudisha chini, mbali na yalikotoka. Mruko mmoja unaweza kufika kilomita 3,000. Mchana bendi za juu kama mita 25 na mita 19 hufanya kazi vizuri; usiku tabaka likipungua nguvu unashuka mita 41 na mita 49. Watumiaji wa zamani wanayajua haya bila kufundishwa. Mama mmoja muuza mawese hapa Ujiji alikuwa akibadili bendi magharibi ikiingia, kwa mazoea tu, kama anavyojua saa ya dagaa kuanikwa na saa ya kuanuliwa.

Na hapa ndipo naomba mtazame ramani pamoja nami. Dole, kisiwani Unguja, kuna mtambo wa masafa mafupi ambao kwa miaka mingi umebeba matangazo ya Zanzibar kwenye kilohezi 11735, bendi ya mita 25. Wasikilizaji wanaopenda kutafuta stesheni za mbali, wa Ulaya na Marekani Kaskazini, wameinasa na kuiandika kwenye madaftari yao, wakiisifu kwa taarabu yake. Kutoka Dole hadi Bukavu ni takriban kilomita 1,200. Hadi Mogadishu ni kiasi hicho hicho, pungufu kidogo. Hadi Lubumbashi ni kama 1,400. Juba, karibu 1,500. Kisangani, kama 1,700. Yote hayo yamo ndani ya mruko mmoja. Hata Muscat, waliko ndugu zetu wengi waliotoka Unguja na Pemba na bado wanazungumza Kiswahili majumbani mwao, inafikika kwa miruko miwili. Walio karibu sana na mtambo hurukwa na mawimbi, lakini hao wana FM. Kwa maneno mengine, mahali pazuri pa kurushia sauti ya Kiswahili kwa nchi zote nane za Jumuiya pameshapatikana, pana mtambo, na pako kwenye kisiwa hicho hicho yalipo makao ya Kamisheni ya Kiswahili. Sijui kama watu wa ofisi hizo mbili wamewahi kunywa chai pamoja. Naomba wanywe.

Sizungumzii jambo geni kwa ukanda huu. Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa masafa mafupi, iliwapa nafasi wapigania uhuru wa ANC, FRELIMO na SWAPO kuzungumza na watu wao walioko nyumbani. Serikali maskini, iliyokuwa na kila sababu ya kusema haina fedha, iliamua kwamba sauti hiyo ni muhimu. Mtu wa Soweto au wa Cabo Delgado alisikiliza kwa kujificha, redio ikiwa chini ya blanketi. Uwezo huo tulikuwa nao. Kisha FM ikaja na muziki wake safi, matangazo ya biashara yakahamia mijini, na mitambo ya masafa mafupi ya nchi zetu ikaachwa izeeke, spea zikakosekana, ikanyamaza mmoja mmoja.

Tumekuja kujua thamani yake tulipopatwa na shida. Mei 2015 Bujumbura, baada ya jaribio la mapinduzi, redio binafsi zikiwemo RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa na kunyamazishwa. Siku hizo hizo meli ya MV Liemba ilikuwa ikiwabeba wakimbizi kutoka ufukwe wa Kagunga kuwaleta Kigoma. Walishuka na mabegi, watoto na redio. Waliokuwa na redio zenye masafa mafupi walizungukwa na watu, maana kila mmoja alikuwa ameacha mtu nyuma. Mei 2018, kabla ya kura ya maoni, Burundi ilisimamisha matangazo ya BBC na Sauti ya Amerika. Minara ya FM ya ndani ikatii. Masafa mafupi, kwa kuwa yanatoka nje ya mipaka, hayakuwa na swichi Bujumbura, na Sauti ya Amerika ikaendelea kusikika.

Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa karibu wiki tatu, na matangazo ya FM ya Radio France Internationale nayo yakakatwa. Januari 2021 ilizimwa Uganda. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ilizimwa hapa kwetu Tanzania, na kwa siku kadhaa mtu wa Kigoma mwenye mtoto Dar es Salaam hakujua mtoto yuko salama au la. Nayaandika haya kwa uchungu wala sina nia ya kumchokoza mtu. Uvumi ulijaza nafasi ambayo habari ingekaa. Nilisikia dukani kwangu mambo ya kutisha ambayo mengine yalikuwa kweli na mengine hayakuwa, na hapakuwa na sauti moja ambayo watu wa pande zote wangeweza kuigeukia.

Na si siasa peke yake. Mei 4, 2024 Kimbunga Hidaya kiliingia Mafia. Wiki moja baadaye, Mei 12, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya na nchi jirani. Lililotutenganisha na msiba mkubwa ni siku nane tu. Kama mambo hayo mawili yangetokea usiku mmoja, mvuvi wa bahari kuu angepewa onyo kwa njia gani?

Kisha kuna Goma, mashariki mwa Kongo. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, umeme ulikatika, maji yakakatika, mtandao ukawa wa kubahatisha. Redio ya betri haihitaji hata kimoja kati ya hivyo.

Kuna atakayesema, na ana haki ya kusema, kwamba redio katika ukanda huu imewahi kuua. RTLM ya Kigali ilichochea mauaji mwaka 1994, kwa sauti nzuri na muziki uliopendwa. Sisahau hilo, na asiwepo wa kulisahau. Lakini katika mwaka huo huo, BBC ilianzisha kwa masafa mafupi kipindi cha Gahuzamiryango kwa Kinyarwanda na Kirundi, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwatafutia watu ndugu zao waliopotezana. Majina yalisomwa: fulani, mwana wa fulani, wa kilima fulani, yuko kambi fulani, anamtafuta dada yake. Watu kambini walikaa wakisikiliza majina ya wasiowajua kwa saa nzima wakisubiri jina moja. Mimi nimewatengenezea redio watu waliompata mzazi kwa njia hiyo. Redio ya chuki na redio ya kuunganisha familia zilikuwepo mwaka mmoja, zikizungumza na watu wale wale. Kilichozitofautisha ni nani ameshika maikrofoni na anawajibika kwa nani.

Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya ombi langu, nami nataka niitazame bila kuikwepa. Idhaa ya Jumuiya ikiwa ni ya serikali nane, nani ataiamini? Ikisoma hotuba za mawaziri na ufunguzi wa semina kuanzia asubuhi hadi jioni, watu wataizima, na mimi nitakuwa wa kwanza. Ikikaa kimya siku ambayo nchi mojawapo inawaka moto, basi itakuwa mbaya kuliko kutokuwepo, kwa sababu itakuwa imewafundisha watu kwamba hata yao haisemi kweli.

Jibu ninaloliona linaanzia kwenye swichi. Isiwe ya nchi moja. Bunge la Afrika Mashariki lipitishe sheria ya kuianzisha idhaa hii kama taasisi ya Jumuiya, yenye bodi ambayo waandishi wa habari na wasikilizaji wana viti vingi kuliko maofisa, na sheria iseme wazi kwamba hakuna serikali mwanachama itakayoweza kuisimamisha peke yake. Mitambo iwe zaidi ya mmoja, katika nchi zaidi ya moja, ili Dole ikikatika kwa radi au kwa amri, pengine paendelee. Tuna mfano jirani: Radio Okapi, iliyoanzishwa Kongo Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, ikitangaza kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Ilianza wakati nchi imegawanyika vipande, na watu wa upande huu hawakujua walio upande ule wanaishije. Ilitumia FM na masafa mafupi. Ilipata imani ya watu kwa sababu pande zote zilijisikia humo, na kwa sababu mwandishi wake hakuajiriwa na yeyote kati ya waliokuwa wakipigana. Mlezi wake alitoka nje. Nauliza kama sisi wenyewe, tukiwa nane, hatuwezi kukilea chombo cha namna hiyo.

Kuhusu gharama, sitazidisha maneno. Umeme wa mtambo mkubwa ni ghali, na sikatai. Lakini si lazima kuanza kwa ukubwa. Hewa ya masafa mafupi hukodishwa kwa saa. Kituo cha Talata Volonondry huko Madagaska, kilichojengwa na Waholanzi, hurusha matangazo ya wakodishaji wa nchi mbalimbali. Radio Dabanga ya Darfur imekuwa ikiwafikia Wasudani tangu 2008 kwa hewa ya kukodi. Radio Ergo, ambayo Wasomali wengi vijijini huitegemea kwa habari za mvua, mifugo na magonjwa, hutayarishwa Nairobi, ndani ya Jumuiya yetu, na hurushwa kwa masafa mafupi. Maarifa yapo Nairobi. Watangazaji wa Kiswahili wenye uzoefu wa kimataifa wapo. Wengine wamekosa kazi tangu Machi 2025 na sauti zao bado watu wanazikumbuka. Dakika sitini alfajiri na dakika sitini jioni, kwa Kiswahili, zinatosha kuanzia. Habari za nchi zote nane, hali ya hewa ya maziwa na bahari, bei za mazao mipakani, tahadhari za magonjwa, na ile kazi ya kusoma majina ya wanaotafutana, kwa ajili ya kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma na Dadaab. Hata BBC, iliyokuwa imeyapa kisogo masafa mafupi, iliyarudia haraka kwa ajili ya Ukraine Machi 2022, na kwa Sudan Mei 2023 vita vilipovuruga mawasiliano. Waliokuwa wamehesabu gharama wakaona ya kutokuwa nayo ni kubwa zaidi.

Mafundi wa idhaa hiyo wazingatie pia kwamba jua lina mzunguko wake wa miaka takriban 11. Kilele cha sasa kilikuwa mwaka 2024. Miaka inayokuja jua litatulia na bendi za juu zitadhoofika. Kwa hiyo wasitegemee mita 25 peke yake. Waandae na masafa ya chini, na wayatangaze mapema ili watu wajue pa kugeuzia mshale.

Sasa nije kwenye redio yenyewe, mahali ambapo mimi nina la kusema kuliko mtaalamu wa ofisini.

Zamani nyumba ya kawaida ilikuwa na National au Philips ya bendi mbili au tatu, betri gunzi nne, na zikichoka zinaanikwa juani zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Redio ile ilinasa Cairo, Moscow, Beijing na Lusaka kwa waya mrefu uliofungwa kwenye mwembe. Leo mteja akienda dukani anapata boksi linalong'aa lenye bluetooth, sehemu ya flashi, tochi na FM. Kwenye baadhi imeandikwa SW ubavuni, lakini ukiifungua unakuta saketi dhaifu ambayo stesheni tatu zinapanda pamoja na hakuna hata moja inayosikika. Hiyo naiita udanganyifu. Mtu ametoa fedha yake ya mawese akaamini maandishi. Redio nzuri za masafa mafupi bado zinatengenezwa, China zaidi, lakini huku haziletwi kwa wingi, na zikija bei yake inamkimbiza mtu.

Tena ukipata redio nzuri, unakutana na adui mpya: kelele. Balbu za LED za bei rahisi, chaja za simu zisizo na kichujio, inveta za sola. Vyote hivyo hutoa mngurumo unaofunika masafa mafupi yote. Nimeshawafundisha wateja wengi kuzima taa na kuchomoa chaja kabla ya taarifa ya habari, na mara redio "mbovu" inapona. Tiba ya jambo hilo ni kiwango na ukaguzi. Mashirika ya viwango, TBS, KEBS na wenzao, yana uwezo wa kukataa bandarini balbu inayochafua hewa, sawa na yanavyokataa waya wa umeme ulio chini ya kiwango.

Kwa hiyo naomba mawaziri wa fedha, wanapokutana kila mwaka kupanga ushuru wa pamoja wa forodha, wazipe nafuu redio zenye masafa mafupi ya kweli na za sola. Naomba kiwango cha Afrika Mashariki kiseme ni nini kinachostahili kuandikwa SW kwenye boksi. Naomba mashirika ya misaada yanayogawa taa za sola kambini yagawe zenye redio ndani, na redio hiyo iwe na masafa mafupi. Na vyuo vya ufundi visiache kufundisha vijana kutengeneza redio, maana wengi wetu tunaojua koili ya masafa mafupi ni ipi tumeshavaa miwani minene.

Vijana wataniambia simu inatosha. Nawapenda, na simu zao ndizo zinazonilisha siku hizi. Lakini sijafungua simu yenye masafa mafupi. Simu inahitaji bando, na bando linahitaji mnara, na mnara una mtu anayeweza kupigiwa simu aambiwe auzime. Laini ya simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole. Redio haimwulizi mtu jina, haimdai salio, na hakuna ajuaye kwamba umeisikiliza. Kwa mtu aliyekimbia kwao usiku, hilo lina uzito ambao sisi tuliolala salama ni vigumu kuupima.

Shirika la Utangazaji Zanzibar, nawaombeni nyinyi kwa namna ya pekee: mtambo wa Dole msiuache uzeeke. Tangazeni ratiba yake na masafa yake kila msimu, hata kwenye magazeti. TBC ya Tanzania na KBC ya Kenya, wakongwe mlioijua kazi hii kabla wengine hawajazaliwa, msisubiri mfadhili aje kuwaeleza thamani yake. Ndugu zetu wa Rwanda, eneo la Kigali lilijaribiwa kwa miaka 50 na likafaa. Na nyinyi wa Kamisheni ya Kiswahili, andaeni pendekezo. Bila nyinyi kulianzisha, hakuna ofisi nyingine itakayojiona ina jukumu.

Naomba suala hili liingizwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Baraza la Mawaziri la Jumuiya, lipewe mwaka mmoja wa majaribio kwa hewa ya kukodi, na uamuzi wowote mtakaoufikia, wa kukubali au wa kukataa, utangazwe kwa Kiswahili na sababu zake, ili wasikilizaji wajue nani ameamua nini.

Wenu katika ujenzi wa Jumuiya,

Fundi redio,
Ujiji, Kigoma